Farasi bahari hatafutwi kwa maji yanayoonyesha mita 30

"Nije mwezi gani maji yawe maangavu, nipate kumwona farasi bahari?" Wiki hii swali hili nimeletewa na mtu wa Dar es Salaam anayepanga likizo, nikaletewa tena na dada wa mapokezi anayempangia mgeni wa hoteli, halafu nikalisikia limeshageuzwa jibu: kijana anayesomea udaivumasta, kazi hii ya kuongoza wazamiaji, hapa hapa Unguja anamwambia mteja ufukweni kwamba leo maji machafu, hakuna cha kuona, bora waahirishe. Mteja akavua suti ya kuzamia. Maji yenyewe yalikuwa yanaonyesha mita nne, yaani ukiwa ndani unaona umbali wa mita nne, mkondo umelala, jua limetoka. Kwa kazi ya kutafuta farasi bahari ile ilikuwa siku ya kuchagua, na imepotea kwa sababu ya sentensi moja ya mtu aliyefundishwa kuipima bahari kwa namba moja tu.

Anayetaka kuona kobe, kundi la kolekole, au ukuta wa matumbawe wa Misali, kisiwa cha upande wa Pemba, unavyoshuka mpaka macho yakaishia kwenye buluu, ana haki ya kuuliza maji yanaonyesha mita ngapi. Anayetaka farasi bahari anauliza jambo lisilomhusu. Nyoosha mkono wako mbele. Ncha ya vidole ndiyo mpaka wa eneo lako la kazi. Farasi bahari tunaokutana nao huku wengi hawazidi urefu wa kiganja, na mkia ukishajiviringisha kwenye jani la nyasi bahari, kinachobaki kuonekana ni kidogo zaidi. Ni samaki, lakini hana umbo la samaki, hang'ai, hakurupuki ukimkaribia. Ukiwa mita mbili naye, hata kwenye maji ya kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ya wakati wa kaskazi yanayoonyesha mita 20 na zaidi, humwoni. Unaona majani. Ukifika sentimita 50, hapo ndipo kazi inaanza. Sasa mita zote zilizobaki zinakusaidia nini?

Mimi nasema zinadhuru. Mtu akiona mbali hainamishi kichwa. Anatazama jiwe la mbele, akilifikia anatazama la mbele yake, na kila baada ya dakika anapiga mapezi ya miguuni kwenda kuona kuna nini kule. Mtungi wa hewa unakwisha ameshapita juu ya eneo kubwa ambalo hakulitazama. Kwenye maji yanayoonyesha mita tatu hana pa kukimbilia. Anabaki na majani yaliyo chini ya pua yake, na humo ndimo mnyama alimo.

Tuje kwenye mahali anapoishi, maana kosa linaanzia hapo. Farasi bahari ni mwogeleaji dhaifu. Pezi lake la mgongoni hupepea mpaka mara 35 kwa sekunde, na bado mkondo wa kawaida tu unamshinda. Ndiyo maana ana mkia wa kushikilia. Hana meno, hana tumbo la kuhifadhi chakula. Anachofyonza kinapita upesi, kwa hiyo anakula mchana kutwa. Na hawindi kwa kufukuza. Anajishikiza, anatulia, anangoja uduvi upite karibu na pua, kichwa kinaruka, umekwisha. Kwa maisha ya namna hiyo anahitaji vitu viwili: kitu cha kushika, na maji ya taratibu yanayomletea uduvi bila kumng'oa.

Nyasi bahari zinampa vyote viwili. Shina la jani ni la kushika, na msitu wa majani unapunguza mwendo wa maji. Sasa fuatilia hesabu mwenyewe. Maji yakipunguza mwendo, chembe nyepesi zilizokuwa zinabebwa zinatua. Ghuba ya Chwaka ina majani haya eneo kubwa, nyuma yake kuna mikoko, na mikoko ina tope. Kila maji yanapokupwa, tope hilo jepesi linatoka na kupita juu ya majani, na sehemu yake inabaki palepale. Kwa hiyo pahali penye nyasi nene na maji ya taratibu ni pahali penye vumbi la chini, lazima. Si kwamba farasi bahari anapenda vumbi. Yeye na vumbi wameletwa hapo na sababu ile ile. Ukisubiri pasiwe na vumbi, unasubiri pasiwe na majani, na pasipo na majani umemkosa na yeye.

Niseme haraka kwamba hawako wote kwenye majani. Yule wa miiba, anayeitwa kitaalamu Hippocampus histrix, hukaa zaidi kwenye sponji na matumbawe laini ya miteremko, kwenye kina cha zaidi ya mita 10, na huko maji mara nyingi ni mazuri. Anayemtaka huyo aniambie, tutapanga safari nyingine. Ninayemzungumzia hapa ni yule wa kwenye majani: Hippocampus kuda na jamaa zake.

Maji machafu nayo si ya aina moja, na hapa nawaomba vijana wanaojifunza kazi wanisikilize, kwa sababu aina nyingine ni za kuzamia na nyingine si za kuzamia, na wao wanaziweka zote kwenye kapu moja.

Maji ya masika kwanza. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanakaa juu. Ukitazama kutoka kwenye boti unaona rangi ya chai ya maziwa na unakata tamaa. Ukishuka mita moja au mbili unatoka chini ya tabaka lile, na huko kunaweza kuwa kweupe kiasi, ila kuna kiza, kwa sababu mwanga umezuiwa juu. Mtu mwenye tochi anafanya kazi humo bila shida. Lakini kama mvua hiyo imepita mitaani kwanza, pembeni ya Mji Mkongwe na popote penye mfereji unaomwaga baharini, mimi sizami. Maji hayo yana uchafu wa vyooni. Masikio yatakuuma wiki nzima, na hilo ndilo dogo. Hapa simbishii mtu anayeahirisha.

Kisha kuna maji yaliyovurugwa na mawimbi ya kusi. Huo ni mchanga, na mchanga ni mzito: upepo ukilala, baada ya muda mfupi umeshatua. Tatizo la kusi kwenye kina kifupi si mwonekano, ni ule mvuto wa kwenda mbele na kurudi nyuma unaokuzuia kukaa mahali pamoja. Siwezi kukagua jani moja moja huku nasukumwa mita mbili kwenda na mita mbili kurudi. Siku hiyo naahirisha hata kama maji yanaonyesha mita 15, na hakuna anayenielewa.

Kuna maji ya kijani, yaliyojaa viumbe vidogo vidogo vinavyoelea. Haya hayatulii ukiyasubiri, yana msimu wake. Nayapenda. Humo ndimo uduvi unamojaa, na uduvi ukijaa farasi bahari yuko kazini, anazungusha kichwa, anafyonza, na kitu kinachotikisika hata kidogo ni rahisi kuonekana kuliko kilichotulia.

Kuna vumbi la maji kupwa, lile la mikoko nililolitaja. Hili lina dawa, nayo ni kujua tarehe ya mwezi. Na mwisho kuna vumbi unalolitimua mwenyewe.

Hili la mwisho ndilo linalonichosha kuliko yote. Watu wanashuka, dakika tano hazijapita maji yamekuwa supu, wanapanda juu wanaandika kwamba eneo lile halionyeshi. Eneo lilikuwa linaonyesha mita nne mpaka walipofika wao. Mapezi yanayopigwa juu na chini, ule mtindo wa kwanza tunaofundishwa sote, yanasukuma maji kuelekea chini, na tope jepesi likishainuka linachukua dakika nyingi kutua. Aliye mbele haoni alichofanya, kwa sababu anasogea na kuacha wingu nyuma yake. Aliye nyuma ndiye anayelipa. Mara nyingi mtu anayelalamikia maji ni yule wa nyuma, na anayepaswa kulaumiwa ni yule wa mbele anayesema maji yalikuwa mazuri tu.

Chanzo cha vumbi hilo si miguu, ni risasi, vile vipande vizito vya mkandani vinavyomsaidia mzamiaji kushuka. Imezoeleka kwamba kina kifupi ni cha wanaoanza, na kwa habari ya kujiweka sawa majini ni kinyume kabisa. Kutoka juu ya maji mpaka mita 10 shinikizo, tunalolipima kwa baa, linatoka baa 1 kufika baa 2, yaani linakuwa mara mbili. Kutoka mita 20 mpaka 30 linatoka baa 3 kufika 4 tu. Kwa hiyo ukiwa mita 3 au 4, pumzi moja nzito inakuinua, na hewa kidogo ndani ya jaketi la kuelea inavimba kabla hujaitoa. Isitoshe, mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una hewa yenye uzito wa karibu kilo 3. Ukibakiza baa 50, zaidi ya kilo 2 zimeshatoka kwa pumzi. Mtu anaogopa kuelea mwishoni, basi anajifunga mkanda wa kilo za ziada mwanzoni. Zile kilo zinavuta kiuno chini, miguu inaning'inia, na yeye ili asizame anapiga mapezi mfululizo, sentimita 20 juu ya tope. Hapo umeshaelewa supu inatoka wapi.

Ninavyotaka mimi: pima uzito ukiwa na mtungi unaokaribia kwisha, si uliojaa. Mtungi ukiwa na baa 50, jaketi tupu, mapafu nusu, ukae palepale mita 3 bila kupanda. Usizidishe hapo. Kisha mwili ulale sawa na chini, magoti yamekunjwa, mapezi yako juu kuliko kifua, na upige kwa mtindo wa chura, ambao unasukuma maji nyuma badala ya chini. Muda mwingi usipige kabisa. Nasogea kwa kuvuta pumzi na kwa kidole kimoja nilichokichomeka kwenye mchanga mtupu, kamwe si kwenye majani, na kabla ya kukichomeka natazama kama hakuna samaki taa aliyejifukia. Anayepiga magoti chini ili apumzike namwambia ainuke. Anaua kilichopo chini ya goti na anatupofusha sote.

Tochi. Usiielekeze mbele usoni kwako ukitegemea kuona mbali. Chembe zinaurudisha mwanga machoni, ni taa kubwa za gari kwenye barabara ya vumbi. Ishike pembeni, mkono umenyooka, mwanga uingie kwenye majani kwa ubavu. Faida yake kubwa si kuongeza umbali, ni kurudisha rangi. Maji yanameza wekundu mapema sana, na maji ya kijani yanameza zaidi, kwa hiyo bila tochi kila kitu kina rangi ya majani makavu. Tochi ikipita kwa ubavu, kipande kimoja cha "jani" kinatoka na rangi ya manjano au ya kutu, na kina pembe. Farasi bahari hana magamba. Mwili wake ni vipande vya mifupa vilivyopangwa kwa pete, na hata mkia wake una kona nne. Majani hayana kona nne.

Msitafute farasi. Hili nalirudia mpaka sauti inakauka kwa sababu kila mtu anashuka na picha ya farasi wa kwenye fulana, amesimama wima, shingo imekunjwa. Majini amelala, ameinamia, amejibanza, ana vinyuzi vya ngozi vilivyoota juu yake vinavyofanana na mwani, na mara nyingine ana tope mgongoni. Tafuta mshiko. Tazama chini ya shina, pale jani linapoingia mchangani, utafute kitu kilichozunguka. Mkia ndio haujifichi vizuri. Kwenye mashamba ya mwani natazama vigingi na kamba, hasa kamba kuukuu zilizoachwa, maana anashika chochote. Nimewakuta kwenye kipande cha wavu, kwenye kamba ya nanga iliyokatika, kwenye fimbo iliyokwama.

Mara nyingine kinachomtoa ni jicho. Unatazama kifungu cha majani yaliyooza, kahawia yote, umeshaamua hakuna kitu, halafu kitu kidogo cha duara kinazunguka. Kinakutazama wewe. Unasogea kidogo na unaona jicho la pili linatazama upande mwingine kabisa, kwa sababu kila moja linakwenda peke yake. Baada ya hapo pua inajitokeza, kisha taji, kisha tumbo, na mwisho unashangaa ulikuwa hujaona nini. Kama maji yametulia na unashikilia pumzi kwa sekunde mbili (sekunde mbili tu, na usiwe unapanda), unaweza kusikia tiki ndogo anapofyonza.

Ukimpata mmoja usiondoke. Amanda Vincent, mtafiti wa Kanada na mmoja wa waanzilishi wa Project Seahorse, shirika la kuhifadhi farasi bahari, mwaka 1996, aliwafuatilia farasi bahari wa aina ya whitei kule Sydney na kuonyesha kwamba dume na jike hukutana kila asubuhi kusalimiana, wanabadilika rangi, wanazunguka shina moja pamoja, halafu kila mmoja anarudi kwenye eneo lake la mita chache za mraba. Wale ni wa Australia, sitasema wetu ni nakala yao. Lakini kwa mazoea ya kazi, nikimpata mmoja nabaki palepale nikakagua mita chache za kuzunguka, na inalipa. Kumjua dume ni rahisi: chini ya tumbo, mkia unapoanza, ana mfuko laini. Ndiye anayebeba mimba. Jike anamwekea mayai humo, na baada ya wiki mbili mpaka nne, kutegemea aina na joto la maji, anazaa watoto makumi au mamia, wengine zaidi ya elfu. Jike tumbo lake linakatika ghafla kwenye mkia, hana mfuko.

Usalama nitaupitia upesi kwa sababu kila aliyesoma anaujua, ingawa kwenye maji haya ndiyo unaosahauliwa. Nachukua wateja wawili, si zaidi. Bega kwa bega, si mmoja nyuma ya mwingine. Mwenzio akipotea, mtafute dakika moja, humwoni, panda taratibu, mkutane juu. Usiseme "kina ni mita 4 tu, atakuwa hapo karibu". Mkasi ubebe, nyavu za kutega zipo na huzioni mpaka zimekushika valvu ya mtungi. Dira itazame kabla ya kushuka. Na boya linaelea juu yetu mbizi nzima, limefungwa kwa kamba mkononi mwangu, kwa sababu kwenye mita 3 hatari kubwa si chini, ni injini ya boti ya faiba inayopita juu na nahodha haoni kitu ndani ya maji ya kijani. Boya likikosekana sishuki, hata mteja awe ametoka mbali kiasi gani.

Nanga nayo. Boti haitii nanga kwenye majani. Nanga moja inayokokotwa na upepo inang'oa mkeka wa nyasi ambao utachukua miaka kurudi. Tunatia kwenye mchanga, au nahodha anabaki na boti akitufuata kwa boya.

Sasa mambo ambayo hayakai sawa kichwani mwangu, na vitabu vya kozi vinayapita.

La kwanza ni majina. Wateja wanataka aina, wanataka niandike kwenye daftari lao. Aina hizi zinafanana, na mmoja anaweza kubadilisha rangi na kuota vinyuzi. Wataalamu wenyewe wamezipanga upya: mwaka 2016 Sara Lourie na wenzake walipitia orodha nzima ya dunia, na yule aliyekuwa akiitwa borboniensis wa upande wetu wa bahari akaingizwa ndani ya kuda. Mimi naandika "kuda au jamaa yake" na nimeshapata mteja aliyekasirika. Kwenye maji yanayoonyesha mita tatu, mnyama amenipa mgongo, sitaandika zaidi ya hapo.

La pili ni wale jamaa zake wembamba, samaki wa mfano wa sindano wanaolala kwenye majani. Ni wa ukoo mmoja naye. Nikiwaona wengi nabaki eneo lile muda mrefu zaidi, na vijana ninaowafundisha wanaiga. Sina uhakika kama ni dalili ya kweli au ni kwamba nikibaki muda mrefu popote nitapata kitu. Nashuku la pili linachangia sana.

La tatu ni kubwa zaidi. Nawaonyesha watu mnyama asiyeweza kukimbia. Kobe akichoka na wewe anaondoka. Farasi bahari anageuka kukupa mgongo, anainamisha kichwa, na akishafanya hivyo amemaliza silaha zake. Wapiga picha wanazunguka wapate uso, naye anageuka tena. Watu wanabishana kuhusu mwanga wa kamera. Utafiti wa Maarten De Brauwer na wenzake uliotoka mwaka 2019 uliona kwamba kilichowasumbua samaki wa namna hii zaidi ni kuguswa na kusogezwa, kuliko mwanga wenyewe. Nimeupokea vizuri, kwa sababu kusogezwa ndiko ninakokuona: mtu na kijiti chake cha chuma, anamtenganisha na jani "ili picha itoke safi". Kwangu kijiti kinabaki kwenye boti. Picha tatu, kisha tunaondoka, na akishatupa mgongo mara ya pili hata hizo tatu hazikamiliki. Je, hata hivyo inatosha? Kuna siku narudi gatini najiuliza kama mnyama yule angekuwa salama zaidi nisingemjua aliko.

Ndiyo maana siandiki mahali. Msiniulize, na nawaomba sana wenzangu msiweke ramani kwenye picha zenu. Farasi bahari wakavu wana soko kubwa Asia, kwa dawa, na wanaowatoa wengi hawafuati wao hasa. Wanawakuta ndani ya juya lililokokotwa juu ya majani. Aina zote za farasi bahari ziko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na masharti yake yanatumika tangu Mei 2004, kwa hiyo kuwasafirisha nje bila kibali ni kosa. Lakini juya halisomi mkataba. Linang'oa majani, linabeba tasi wachanga, linabeba kila kilichoshika shina. Papasi, kijana wa ufukweni anayefuata wageni, anayemwuzia mgeni farasi bahari mkavu ufukweni kwa bei ya soda anauza kitu kile kile ambacho kesho atamwahidi mgeni mwingine kwenda kukiona kikiwa hai. Hilo linaniuma kusema, kwa sababu wengi wao ni vijana ninaowafahamu.

Turudi kwa yule ndugu wa Dar es Salaam, aliyeuliza mwezi gani. Kalenda ya ukutani ina msaada mdogo. Epuka siku za mvua kubwa ya masika, epuka siku za kusi kali kama tunakwenda upande wa mashariki, basi. Kinachoamua ni mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu yanapanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita 4. Mkondo unakimbia, mikoko inakamuliwa, na asubuhi mnamo saa 4 maji yamekupwa kabisa na kina mama wanatembea kwa miguu wakitafuta pweza pale pale unapotaka kuzama. Njoo siku za maji mafu, tarehe 7, 8 au 9 ya mwezi wa Kiislamu, au 22 mpaka 24. Siku hizo maji yanapanda kidogo na kushuka kidogo, mkondo unalala, na yanajaa kuelekea saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Tunaingia saa moja kabla hayajajaa, kwa sababu maji yanayojaa yanaleta maji safi ya nje, na tunatoka yanapoanza kugeuka, kabla vumbi la mikoko halijatufikia. Maji yataonyesha mita 3, siku njema 5 au 6. Zinatosha.

Ukija, niletee mapema uzito wako, unene wa suti yako kwa milimita, na kama mtungi uliozoea ni wa alumini au wa chuma. Risasi tunazipanga ufukweni, tunazijaribu kwenye maji ya kifuani, na hatupandi boti mpaka zimekaa sawa.